Tope Linajuaje Bahari Ikipanda

Jumatatu, 3 Machi

Presha imepanda tena. Nesi alinitazama kama nimeiba kitu. Akasema, mama, wewe unabeba mambo ya watu wote kichwani, yaandike basi, ukiyaandika yatabaki kwenye daftari na wewe utalala. Haya, naandika. Niliishia darasa la nne, lakini kwa kazi hii panatosha. Hakuna wa kunisahihisha.

Jambo ninalobeba ni moja tu. Chiriku.

Chiriku ni mwanangu wa mwisho. Jina hilo alipewa na baba yake tangu hajamaliza kuota meno, maana alikuwa anaongea na kuku, anaongea na mlango, anaongea na sufuria. Hata ukimtia maji mdomoni alikuwa anaongea. Sasa ni mtu mzima, yuko chuo kikuu, digrii ya pili, na anachosomea ni matope. Si haya ya njiani! Matope ya chini kabisa ya bahari, kule ambako jua halifiki. Meli inayachota kwa mabomba marefu, wanayakata vipande, wanapima kila kipande kina nini ndani. Kemia. Anataka kujua bahari ikipanda au ikishuka huku juu, kule chini tope linabadilika vipi.

Mwaka jana alisimama mbele ya wakubwa kuitetea kazi hiyo. Aliongea vizuri, wanasema. Kisha bwana mmoja mwenye tai nyekundu akamwuliza swali la kwanza — kimya. Chiriku wangu! Alisimama pale kama shati kwenye kamba. Wakasubiri. Wakakohoa. Wakamwambia nenda ukajipange, urudi. Ikiwa hivyo tena, basi, digrii hakuna. Hakuna mara ya tatu.

Atarudi mbele yao Alhamisi ya tarehe 20.

Nimeshaandika. Presha haijashuka. Nesi kanidanganya.

Jumatano, 5 Machi

Chiriku kaja na mpango wake. Nilikuwa napiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni, kila chumba shuka mbili, na mvuke umenijaa usoni. Kumbe siku ya kutetea, akimaliza kuonyesha picha zake, mwenyekiti huwa anawauliza kwanza watu waliokuja kusikiliza kama wana swali. Ndugu, marafiki, yeyote. Baada ya hapo ndipo wakubwa wanaanza kumchambua. Na kwa kawaida hao ndugu wanatazama viatu vyao tu.

Akasema, mama, safari hii utauliza wewe.

Mimi!

Akasema swali la kwanza likitoka kwenye mdomo wako, mdomo wangu utafunguka. Ukishafunguka, unanijua mwenyewe, kuufunga ni shughuli.

Nikamwuliza, hiyo si ndiyo kuiba mtihani, mama? (Namwita mama, kachukua jina la mama yangu mzazi.) Akacheka, akasema swali la wasikilizaji halina maksi, ni kama kukohoa kabla ya kuimba. Hata mwalimu wake kamwambia awalete watu wake, wauchangamshe ukumbi.

Nimekubali. Jamani, nimekubali nini? Mimi kwenye kikao cha shule nilikuwa nanyoosha mkono kuomba kutoka tu.

Alhamisi, 6 Machi

Somo la kwanza. Hapa hapa chumba cha pasi.

Akasema, mama, fikiria bahari ni nyumba yetu. Hiki chumba cha mbele ni maji mafupi karibu na pwani. Mlango wa nyuma ndio ukingo. Ngazi, halafu ua wetu kule chini — hicho ndicho kilindi. Na mto ni wateja wanaoleta mafurushi ya nguo chafu. Sawa?

Sawa.

Sasa bahari ikiwa juu, chumba cha mbele kimejaa maji, mto unatua mafurushi yake hapa hapa mlangoni. Huko uani hakifiki kitu, vumbi tu. Lakini zamani, dunia ilipokuwa baridi, maji mengi yaliganda yakawa barafu juu ya nchi kavu, bahari ikashuka urefu wa ghorofa nyingi. Chumba cha mbele kikawa kikavu! Mto ukapita katikati, ukatoka mlango wa nyuma, ukamwaga kila kitu uani. Udongo, majani yaliyooza, chuma, vyote moja kwa moja kilindini.

Na kule kilindini ndani ya tope kuna vijidudu. Vinakula hayo majani yaliyooza. Hewa hakuna, kwa hiyo vinatumia salfa iliyoko kwenye maji ya bahari badala ya hewa, na vinachotoa kinanuka mayai mabovu. Ile gesi ikikutana na chuma, vinazaliwa vipunje vinavyong'aa kama dhahabu, ila si dhahabu. Yeye anapima vipunje hivyo. Anasema tabaka lenye chakula kingi haliwi na kemia moja na tabaka lenye njaa.

Nikamwuliza, kwa hiyo bahari ikipanda, hivyo vijidudu vinashinda njaa? Akasema ndiyo, mama! Umeelewa!

Nimevionea huruma. Havikumkosea mtu.

Kisha akaingia kwenye kitu kinaitwa bariamu. Hapo sikumbuki. Nilipozinduka nilikuwa nimelalia mashuka ya nyumba ya wageni na yamebeba mikunjo ya shavu langu. Imebidi nirudie pasi.

Jumamosi, 8 Machi

Leo imenuka nyumba nzima!

Chiriku kaleta kichupa chenye kifuniko cha kubana. Ndani kijiko kimoja cha tope, jeusi tii. Limeshapimwa, ni la ziada, mwalimu wake kamruhusu. Akasema, mama, hili lilitua kule chini kabla hapajakuwa na mji hata mmoja duniani. Nikalipokea kwa mikono miwili kama nimepewa mtoto mchanga. Kisha akafungua.

Mayai viza. Tena ya kuku mgonjwa.

Na saa hiyo hiyo — hodi! Wifi yangu. Kaja kuchukua mapazia yake. Akasimama mlangoni, akajiziba pua kwa mtandio.

Wifi, humu ndani kuna nini?

Chiriku akamjibu, bahari, shangazi.

Bahari naijua mimi, inanuka chumvi. Hii ni ya mtu aliyekula maharage ya juzi. (Akanitazama mimi!) Halafu akaanza. Miaka yote hii ya shule, vitabu, kompyuta, kumbe matope? Si mngeniambia, mbele ya mlango wangu mvua ikinyesha yapo bure.

Hapo Chiriku akapanda juu ya stuli. Kweli, stuli! Akamweleza kwamba tope la mlangoni kwake lina hewa, na hili halijawahi kuonja hewa tangu lizaliwe, na kwamba ndani yake imeandikwa habari ya bahari kupanda na kushuka, ila haikuandikwa kwa wino, imeandikwa kwa salfa na chuma. Mikono hewani, macho yanawaka, hapumui. Wifi mwenyewe kasahau kujiziba pua. Mwishowe akauliza, na hao wasomi wenzio wa matope, hakuna hata mmoja ambaye hajaoa?

Nikasema moyoni, huyu ndiye aliyenyamaza? Huyu? Basi ni ile tai nyekundu. Hakuna kingine.

Nguo zote zilizokuwa kwenye kamba nimezifua upya. Tope lililobaki mdomoni mwa chupa limegeuka kahawia kufika saa kumi. Chiriku anasema limekutana na hewa kwa mara ya kwanza. Maskini. Na mimi ningegeuka.

Jumapili, 9 Machi

Swali tumelipata! Na nimelitoa mimi, bila kujua.

Nilikuwa nakunja soksi. Nikasema tu, lakini mama, bahari ikipanda huku juu, tope la kule chini linajuaje? Liko mbali hivyo, kwenye giza, nani analiambia?

Chiriku kaacha chai. Hilo hilo, mama! Usiliguse, usiongeze hata neno!

Jibu lake ni hili, nimeliandika alivyosema: *Tope halijui kwamba maji yamepanda. Linajua tu kwamba mzigo haufiki tena. Mto unautua karibu na pwani. Chakula kinapungua, vijidudu vinakula polepole, salfa inazama chini zaidi kabla haijaisha, na madini yanayozaliwa pale yanakuwa mengine.*

Nimelipenda jibu hili. Nalielewa kabisa. Wanangu wakubwa wawili, nilijuaje wamepata wake wa kudumu? Hakuna aliyeniambia. Waliacha tu kuleta nguo chafu.

Jumanne, 11 Machi

Nimeunguza kola ya karani wa benki. Shati la buluu, jipya! Nilikuwa najisemea, bahari ikipanda huku juu, tope la kule chini — na pasi imetulia pale pale kama imefika kwao. Kupepesa macho, alama ya kahawia, pana, na ncha mbele.

Karani akaja jioni. Akaishika kola juu kwenye mwanga. Mama Dobi, hii ni ramani ya wapi?

Nikaingia chumbani, nikatoa shati jipya la mume wangu, jeupe, la kuvaa siku ya kutetea. Limemwenea kama kashonewa yeye. Kaondoka nalo anajitazama kwenye kioo cha kila gari lililoegeshwa.

Mume wangu yuko safarini na lori lake. Hajui. Atarudi Jumatano usiku. Lile la buluu nimebaki nalo. Nitaifumua kola niigeuze, upande wa ndani uje nje. Mungu atasaidia.

Alhamisi, 13 Machi

Kinyozi jirani yangu, tunachangia ukuta mmoja. Amenisikia nikirudia swali peke yangu akafikiri nagombana na mteja. Nikamweleza. Akasema, tai nyekundu? Mfupi, kipara kinaanza hapa? Lakini huyo namnyoa mimi!

Makubwa.

Akasema, usimwogope huyo, Mama Dobi. Mbele ya watu ni simba, kwenye kiti changu anafumba macho nikishika wembe. Ana kovu nyuma ya sikio la kushoto. Wewe ukisimama, tazama sikio hilo, kumbuka jinsi anavyoshika mikono ya kiti.

Basi tunafanya mazoezi kwake. Kinyozi kajifunga taulo shingoni, ndiyo tai. Nikajaribu kuuliza swali, yeye anijibu kama Chiriku. Wapi! Kinyozi kujibu hajui. Kazi yake kutwa ni kuuliza — nikate wapi, nibakize kiasi gani, mama hajambo? Kwa hiyo tumegeuza. Yeye anauliza swali langu, mimi najibu la Chiriku. Anauliza vizuri, kwa sauti nzito, mkasi juu. Mama! Bahari ikipanda huku juu, tope la kule chini linajuaje? Nami natiririka: tope halijui kwamba maji yamepanda…

Mteja aliyenyolewa upande mmoja akanisahihisha. Akasema, mama, umeruka salfa. Kumbe na yeye keshalishika.

Jumamosi, 15 Machi

Chiriku kapitia kazi yote mbele yangu, mwanzo hadi mwisho. Mwisho wenyewe sijaufikia. Bariamu. Nililala tena. Nilijibana mguu, nikang'ata ulimi, nikafungua dirisha. Neno lenyewe likifika, kope zinashuka kama pazia la duka.

Chiriku hakukasirika. Kauliza tu, mama, inachosha sana? Nikasema hapana, inatuliza. Hakufurahi.

Naogopa nitakoroma mbele ya maprofesa. Nitampa mume wangu amri: bariamu ikitajwa, nifinye.

Yeye kapiga simu. Kauliza lile shati langu jeupe liko tayari? Nikasema kuna shati liko tayari. Sikusema uongo.

Jumatatu, 17 Machi

Kliniki. Presha iko palepale. Nesi kauliza, unaandika? Nikasema naandika. Akauliza unaandika nini? Nikamweleza habari ya tope. Foleni ilikuwa ndefu, lakini hakunikatisha. Akauliza, kwa hiyo wale vijidudu wanakufa? Nikasema hapana, wanapunguza mwendo tu. Akasema na wewe fanya hivyo.

Jumatano, 19 Machi

Chiriku kaja kulala nyumbani, maana kesho ni asubuhi.

Hajasema neno tangu aingie.

Nimemwandalia chakula, kala. Nikamwuliza chumvi imetosha? Akatikisa kichwa, ndiyo. Wifi kaja na umbea wa mtaa mzima, mwingine wa kweli kabisa, Chiriku anatazama ukuta. Wifi akanivuta pembeni: huyu ni mzima? Tena kwa sauti ndogo, Wifi huyu ambaye sauti ndogo hana!

Mume wangu kafika na vumbi lake. Kamwita, we Chiriku! Akajibu, shikamoo baba. Basi, hayo tu. Mume wangu akaketi, akavua viatu taratibu. Hata shati hakuuliza.

Nimemsugua mtoto mgongo kama alipokuwa na surua. Nikamwambia kesho mimi nipo, nitauliza, wewe utanijibu, kama tunapika pamoja. Akaweka kichwa begani pangu. Kizito! Kichwa chenye bahari nzima ndani.

Swali langu nalijua. Bahari ikipanda huku juu, tope la kule chini linajuaje. Bahari ikipanda huku juu. Nalijua. Nalijua.

Alhamisi, 20 Machi

Niko nje. Kwenye benchi la korido. Nimetolewa.

Ngoja niandike tangu mwanzo, nisipoandika nitapasuka.

Ukumbi si mkubwa. Viti vya plastiki, feni inayozunguka kwa hasira, mapazia yamefungwa ili picha zionekane ukutani. Giza, joto. Nikajua hapa nimekwisha. Mume wangu kulia kwangu, kola imegeuzwa, imekaa vizuri ila inamchoma, anajikuna. Wifi kushoto, kavaa kama harusi. Nyuma, Kinyozi! Kafunga kazi yake. Mbele wakubwa watatu. Mwenyekiti ni mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo na sauti nzito kama ya Kinyozi. Na pembeni yake — tai nyekundu. Ile ile. Sikio la kushoto nililiona, kovu lipo.

Chiriku akaanza. Sauti ndogo, kama inatoka ndani ya debe. Lakini picha zake ni nzuri: bomba la tope limepasuliwa katikati, mistari mieusi na ya kijivu kama shuka la milia. Nilifuata kila kitu. Mto, ukingo, barafu. Wifi akanong'ona, si ndiyo yale ya kwenye stuli? Nikamwambia nyamaza, ndiyo.

Kisha bariamu.

Sijui ilikuwaje. Giza lile, feni ile. Nakumbuka kitu kama mpaka ndani ya tope, halafu nikawa sipo. Kilichofuata ni mume wangu kunifinya — na mkono wake ni wa usukani! Nikaruka nikasimama wima. Na wakati huo huo nasikia sauti nzito inasema, kuna swali lolote?

Mimi swali la kwenye sauti nzito nimeshazoea kulifanya nini? Kulijibu!

Nikatazama sikio la kushoto. Nikavuta pumzi. Nikasema, kwa sauti ya kuita watoto kutoka barabarani: Tope halijui kwamba maji yamepanda! Linajua tu kwamba mzigo haufiki tena! Mto unautua karibu na pwani! Chakula kinapungua, vijidudu vinakula polepole, SALFA inazama chini zaidi kabla haijaisha, na madini yanayozaliwa pale yanakuwa mengine!

Nikakaa.

Wakubwa wakatazamana.

Kinyozi huko nyuma akapiga kofi moja, akaona yuko peke yake, akaacha.

Mwenyekiti akashusha miwani. Mama, asante. Hilo ni… swali?

Hapo ndipo nilipojua. Nimelila jibu la mtoto! Jibu lake moja alilokuwa na uhakika nalo, nimelitoa mimi, sasa abaki na nini? Nilimtazama Chiriku. Mkono mdomoni. Mabega yanatikisika. Nikasema analia, nimemwua mwanangu.

Kumbe anacheka. Kile kicheko chake cha puani, cha nguruwe, ambacho tangu utoto namwambia binti hachekagi hivyo. Akasema, mama! Hilo ni jibu langu!

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Hata mwenyekiti.

Ila si Bwana Tai. Yeye akajivuta mbele. Kumbe mlifanya mazoezi ya swali na jibu, nyumbani?

Nikafikiri tumeshikwa. Nikafikiri watamfukuza leo leo, tena mbele ya Wifi. Lakini Chiriku akamtazama usoni akasema, ndiyo, nimemfundisha mama yangu na mama yangu amenifundisha. Swali ni lake. Lilikuwa hivi — na akalisema, vizuri kabisa. Bwana Tai akasema, basi, kwa kuwa jibu tumeshalisikia, nakuuliza hivi: mama amekosea wapi?

Weee! Nikainuka kidogo kwenye kiti. Mume wangu akanikalisha.

Chiriku akasema, mama hajakosea, amerahisisha. Si kila bahari inafanya hivyo. Pwani nyingine ukingo uko karibu sana na mto una korongo lake chini ya maji, hapo bahari hata ikipanda mzigo unafika tu. Ndiyo maana sikutumia bomba moja. Bwana Tai akauliza jingine. Akajibu. Jingine. Akajibu kabla hajamaliza kuuliza! Mikono hewani! Nikaanza kuitikia, eeh, sema mama, mwambie! Akakwama kwenye neno moja nikamtajia, salfa! Halikuwa salfa. Mwenyekiti akasema kwa upole sana, mama mpendwa, tunakuomba utusubiri nje kidogo.

Ndiyo maana niko benchini.

Mlango ni mwembamba. Nasikia kila kitu. Muda wao umepita, msimamizi wa ukumbi keshaingia kuwaambia kuna kikao kingine hapa, akatoka anatikisa kichwa. Nikamwuliza wamesemaje? Akasema, mama, hakuna aliyepata nafasi ya kusema.

Wamemwuliza habari ya bariamu sasa. Nasikia.

Silali! Niko macho kama mtu aliyekunywa kahawa ya birika zima. Anasema ndani ya tope kuna mpaka, mahali salfa inapoishia. Mzigo ukiwa unashuka kwa wingi, mpaka unapanda nao, haukai mahali. Bahari ikipanda, mzigo ukikoma, mpaka unasimama. Unakaa hapo hapo, miaka maelfu. Na bariamu inajikusanya pale pale uliposimama, inakuwa utepe mnene kuliko kote. Ndivyo alivyojua kwamba bahari ilipanda.

Kumbe ndiyo hiyo! Ndiyo iliyokuwa inanilaza wiki zote hizi! Na baada yake kuna mengine mengi, sijaelewa hata nusu, sauti yake inapanda tu.

Mlango umefunguka. Ni Bwana Tai. Tai kailegeza, kaja kunywa maji kwenye bomba la korido. Kanywa, kajifuta, kaniona. Nikaficha daftari mapajani. Hawajasema kafaulu wala kafeli, na usoni kwake sikusoma kitu.

Akasema, mama, samahani. Huyu binti yako hunyamaza lini?

Nikataka kumwambia. Mdomo ukawa mkavu. Mimi!

Karudi ndani. Mlango hakuufunga vizuri. Mwanangu bado anasema. Wifi kasema kitu na Chiriku kamwambia shangazi ngoja, sijamaliza